Koti moja, kazi mbili: mwongozo kamili wa daktari mtafiti wa maambukizi na kinga ya mwili, Mwanza

Daktari mtafiti hupita raundi wodini asubuhi, mchana akakaa na seli za damu chini ya darubini, jioni akajibu maswali ya kamati ya maadili. Wengi wanaoiacha njia hii hawaiachi kwa kukosa akili. Wanashindwa na saa. Wodi humeza siku nzima, utafiti ukabakiziwa usiku na Jumapili, na baada ya miaka miwili hauna jipya la kuonyesha. Mwongozo huu unapita haraka kwenye shule na vyeti, kisha unakaa pale ambapo kazi huvunjika kweli: kwenye swali, kwenye vibali, na kwenye chupa ya damu iliyoko njiani.

Hesabu ya miaka

Shahada ya udaktari (MD) ni miaka 5. Mazoezi ya kazi, yale tunayoyaita intani, ni miezi 12. MMed, yaani shahada ya ubingwa, ni miaka 3, na PhD ni 3 hadi 4. Jumla ni miaka 12 au 13 kwa asiyerudia mwaka, asiyesubiri ajira na asiyelea mtoto mchanga katikati ya safari. Ongeza miwili, ndipo hesabu itakuwa ya kweli.

Kidato cha tano chukua PCB (fizikia, kemia, biolojia). Vigezo vya kujiunga vinatolewa kila mwaka kwenye kitabu cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kisome cha mwaka wako, usitegemee alama alizoingia nazo kaka yako, na ujue kwamba ushindani huwa juu ya kiwango cha chini kilichoandikwa. Hapa Mwanza chuo cha udaktari ni CUHAS, chuo kikuu cha Kikatoliki cha sayansi za afya, kilichoanza mwaka 2003 pale kilimani Bugando, ndani ya hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971. Kwa mtafiti mtarajiwa eneo hilo lina faida moja kubwa: wodi, maabara, chuo na kituo cha Mwanza cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) havipishani mbali. Unaweza kumwona mgonjwa saa 4 na kuwa mbele ya msimamizi wako saa 5.

Ukiwa unasoma MD, acha kuuliza utafanya utafiti gani. Jifunze takwimu hadi ufanye uchambuzi wako mwenyewe kwa programu za takwimu za R au Stata bila kumlipa mtu, na usome makala moja kila wiki kuanzia sehemu ya mbinu, siyo muhtasari. Ule mradi mdogo wa utafiti wa mwanafunzi, ambao wengi huufanya ili upite tu, ndio mahali pa kujifunza makosa kwa bei rahisi. Intani nayo siyo wakati wa utafiti. Jaza kitabu chako cha mazoezi, lala unapoweza, sajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Jambo moja tu la ziada: shuka maabara mara kwa mara uangalie sampuli zako zinavyopokelewa na zinavyokataliwa. Daktari asiyejua kwa nini damu yake imekataliwa hatajua kuitunza ya utafiti.

Kisha njia inagawanyika. Ukitaka majaribio ya dawa na chanjo kwa wagonjwa, tangulia na MMed ya magonjwa ya ndani au ya watoto, kwa sababu hakuna atakayekukabidhi jaribio la dawa kama huwezi kusimamia madhara yake usiku wa manane. Ukivutiwa na seli na kingamwili zenyewe, MSc ya kinga au ya epidemiolojia kisha PhD itakufikisha mapema, ila ukikaa miaka 6 bila kugusa mgonjwa, kurudi wodini ni kugumu. Maoni yetu: kwa Kanda ya Ziwa, MMed kwanza. Wabobezi ni wachache, na ubingwa ndio utakaokulisha ruzuku itakapokatika. Kama ni mtumishi wa umma, pata ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla ya kuondoka. Ya mdomo haitambuliki.

Swali: lichukue hapa hapa ziwani

Kati ya mwaka 1991 na 1994, jamii 12 za mkoa wa Mwanza ziligawanywa jozi 6. Upande mmoja ulipata huduma bora ya kutibu magonjwa ya zinaa kwenye zahanati zilezile za kawaida, upande wa pili ulisubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 na Heiner Grosskurth na wenzake: maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa karibu asilimia 40. Miaka michache baadaye, Rakai nchini Uganda, upande wa pili wa ziwa hilihilo, watu walipewa dawa za magonjwa ya zinaa nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10. VVU havikupungua.

Kijana anayeingia kazini akae na majaribio hayo mawili mpaka ayaelewe. Wataalamu wamezitaja sababu: Rakai janga lilikuwa limekomaa zaidi, na Mwanza walitibiwa wenye dalili muda wote badala ya kila mtu kwa awamu. Swali lilelile, ziwa lilelile, majibu mawili, na yote mawili yalifanywa kwa uangalifu. Ndiyo maana swali zuri hutaja nani, wapi, lini na ukilinganisha na nini. "Kuchunguza kinga ya mwili kwa wagonjwa wa Mwanza" hapo hakuna swali, kuna kichwa cha habari.

Mfano wa karibu zaidi ni jaribio la DoRIS la kitengo cha majaribio cha MITU, ubia wa NIMR na London School of Hygiene & Tropical Medicine. Wasichana 930 wa Mwanza wenye miaka 9 hadi 14 walipangiwa kwa bahati nasibu dozi 1, 2 au 3 za chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, kisha kingamwili zao zikafuatiliwa kwa miaka. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali ratiba ya dozi moja, na mwaka 2024 Tanzania ikaingia kwenye dozi moja. Swali lilikuwa jembamba, na jibu lake limefika mashuleni.

Tuchukue la kwako sasa: je, mvuvi mwenye kichocho cha tumbo hujibu chanjo ya homa ya ini B sawa na asiye nacho? Msingi wake upo, kwa kuwa minyoo hii ikikaa muda mrefu huisukuma kinga upande mmoja na kuipooza upande mwingine. Kipimo nacho kipo: mwezi mmoja baada ya dozi ya tatu, kingamwili za kiwango cha 10 au zaidi (mIU kwa mililita) huhesabiwa kuwa kinga.

Kosa la kwanza ni kulinganisha vijiji vya ufukweni na vya mbali na maji. Ukifanya hivyo hujapima kichocho, umepima ufukwe mzima: chakula, malaria, pombe, kuhamahama. Linganisha watu wa mwalo uleule (pale mitumbwi inapotia nanga), wenye mayai ya kichocho kwenye kinyesi na wasio nayo.

Kosa la pili ni la kimaadili. Dozi tatu huchukua miezi 6, na ukimkuta mtu ana mayai huwezi kumwangalia tu ili usiharibu hesabu zako. Andiko la hivyo litarudishwa, na ni haki lirudishwe. Chukua damu ya siku ya kwanza, mpe prazikwanteli wiki hiyohiyo kwa miligramu 40 kwa kila kilo (mtu wa kilo 60 humeza vidonge 4 vya miligramu 600, akiwa ameshiba), kisha uliza kama hali yake siku ya dozi ya kwanza imeacha alama kwenye kinga mwishoni. Pima kinyesi tena kila ziara, maana ziwani mtu huambukizwa upya upesi.

Na kabla ya yote hayo, pima homa ya ini B yenyewe. Aliye nayo tayari haingii, anapewa rufaa. Hivyo utapima watu wengi kuliko utakaowachanja, na bajeti iseme hivyo.

Hesabu ya washiriki

Tuseme unatarajia asilimia 80 ya wasio na kichocho wapate kinga, dhidi ya 60 ya wenye nacho, na unataka uwezo wa asilimia 80 wa kuiona tofauti hiyo. Kwa kila kundi (7.84 ni namba ya fomula kwa uwezo huo na kosa la asilimia 5):

7.84 × (0.8 × 0.2 + 0.6 × 0.4) ÷ (0.2 × 0.2) = 78.4, yaani watu 79.

Wavuvi huhama na dagaa. Leo yuko Igombe, mwezi ujao yuko visiwani. Ukidhani utapoteza mmoja kati ya wanne, gawa 79 kwa 0.75 upate 106 kwa kila kundi, jumla 212. Watu wengi hapa huzidisha 79 kwa 1.25 na kupata 99. Robo ya 99 ikiondoka wanabaki 74, nao hawatoshi.

Kichocho kipime kwa Kato-Katz, njia ya kuhesabu mayai ya kinyesi kwa darubini: kiolezo cha miligramu 41.7, mayai uliyohesabu zidisha kwa 24. Mayai 5 kwenye kioo ni 120 kwa gramu, yaani maambukizi ya wastani (100 hadi 399, kuanzia 400 ni makali). Kioo kimoja hukosa maambukizi mepesi, na mayai hutofautiana siku hadi siku, kwa hiyo chukua kinyesi cha siku tofauti, vioo viwili kila kimoja. Ukihesabu na safura, soma kioo ndani ya nusu saa hadi saa moja, kwa sababu mayai yake huyeyuka machoni pako. Ya kichocho hayana haraka hiyo.

Vibali

Kamati ya maadili ya taasisi yako ndiyo mlango wa kwanza. Kisha kamati ya taifa, NatHREC, iliyo chini ya NIMR. Ukijaribu dawa au chanjo, TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, nao wanahusika, na jaribio lisajiliwe kwenye daftari la wazi la majaribio kabla ya mshiriki wa kwanza, siyo baada. Mwenzako wa kigeni anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Sampuli zikitoka nchini pawe na mkataba wa kuhamisha sampuli, na taarifa za washiriki zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Baada ya hapo ndipo barua zinashuka: mkoa, halmashauri, kata, kijiji. Usiruke ngazi hata moja. Mtendaji wa kata aliyesikia habari zako kutoka kwa bodaboda anaweza kukuzuia wiki mbili, na sheria iko upande wake.

Andiko hurudishwa kwa mambo yaleyale: fomu ya ridhaa ya Kiswahili iliyotafsiriwa neno kwa neno hadi haisomeki, bajeti isiyolingana na idadi ya watu, na matibabu ya atakayekutwa na ugonjwa mwingine kutotajwa. Kibali cha taifa huwa cha mwaka mmoja, na taarifa ya maendeleo huenda kila miezi 6. Weka kikumbusho miezi 2 kabla hakijaisha, maana damu iliyochukuliwa kibali kikiwa kimekufa haitumiki. Na kabla ya kuchapisha, omba idhini ya NIMR ya kuchapisha. Wageni husahau hili hadi jarida liwaulize.

Mwaloni

Wavuvi hurudi alfajiri na kulala mchana. Ukifika saa 4 ukiwa na meza na koti jeupe utawapata wachuuzi tu. Ongea kwanza na viongozi wa mwalo, uliza siku za giza na siku za mbalamwezi, kwa sababu wavuvi wa dagaa hufuata giza. Mwezi ukiwa mkubwa wako nchi kavu, nayo ndiyo wiki yako.

Habari za mumiani bado zinaishi, na anayechukua damu anazifufua. Usizicheke. Onyesha chupa, mimina maji mililita 10 mbele ya watu wayaone: ni vijiko viwili vya chai. Sema zitapelekwa wapi na zitakaa muda gani. Fomu iwe ya Kiswahili, na awepo anayeweza kuieleza kwa Kisukuma au Kikerewe. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu yako. Aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi anaridhia na mtoto mwenyewe anaulizwa. Mtoto akikataa, mambo yameisha.

Damu ina saa yake

Hapa ndipo fedha nyingi huzikwa. Ukitaka seramu tu, maisha ni mepesi: acha igande, zungusha, gandisha. Ukitaka seli hai za kinga, hesabu inaanza sindano inapotoka mkononi. Lenga muda usiozidi saa 8 hadi seli ziwe zimetenganishwa. Ukitoa damu Nansio saa 2 asubuhi, meli ikang'oa nanga saa 8 mchana na kufika Mwanza saa 11 jioni, saa 9 zimekwisha hujafungua hata kisanduku. Toa damu meli inapokaribia kuondoka, au peleka sentrifuji na jenereta kisiwani. Upande wa Sengerema mambo yamekuwa mepesi tangu daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025. Zamani foleni ya kivuko peke yake iliweza kuua seli za siku.

Damu ya seli isiwekwe kwenye barafu. Kosa hili hufanywa na watu makini, kwa sababu wamefundishwa kwamba sampuli huhifadhiwa baridi. Damu ya heparini (dawa ya kuizuia isigande) kwa ajili ya seli husafiri kwenye nyuzijoto 18 hadi 25. Ikipoa, chembe nyeupe za aina nyingine hubadilika uzito na kujichanganya na zile unazozitaka. Weka visanduku viwili vya rangi tofauti, kimoja cha baridi na kimoja kisicho na barafu, na uandike juu kwa herufi kubwa.

Maabara, changanya damu na maji ya chumvi yenye bafa sawa kwa sawa, kisha imimine taratibu juu ya Ficoll, kimiminika cha kutenganisha seli, ya uzito 1.077 iliyokwisha kutoka kwenye friji na kupata joto la chumba. Zungusha kwa nguvu ya g 400 (mara 400 ya mvutano wa dunia), dakika 30, breki ikiwa imezimwa. Breki ikibaki imewashwa, tabaka jembamba jeupe la katikati linavurugika na kazi ya siku inapotea ndani ya sekunde 20.

Angalia neno "g". Maabara nyingi hunakili mizunguko kwa dakika kutoka kwenye andiko la wenzao. Kwa rotari (kile kichwa cha mashine kinachozunguka) yenye nusukipenyo cha sentimita 16, g 400 ni mizunguko karibu 1,500. Kwa rotari ya sentimita 10 ni karibu 1,900. Ukiweka 1,500 kwenye ile ndogo, nguvu inashuka hadi g 250, na chembe nyekundu zinabaki juu pamoja na zako. Pima nusukipenyo cha mashine yako mara moja, uandike namba sahihi kwenye plasta juu ya mfuniko.

Vuta tabaka jeupe kwa pipeti, lioshe mara mbili, hesabu seli kwa tripani bluu, rangi inayoonyesha zilizokufa. Mililita 10 za damu hukupa takriban seli milioni 10. Gandisha milioni 5 hadi 10 kwa kichupa, kwenye seramu ya ndama yenye DMSO asilimia 10. DMSO huilinda seli ikiwa baridi na huiua ikiwa ya joto, kwa hiyo mchanganyiko uwe umepozwa, ongeza tone kwa tone, na vichupa viingie friza ya nyuzi −80 ndani ya dakika 10, kwenye chombo kinachoshusha joto nyuzi 1 kwa dakika. Ndani ya siku 1 hadi 3 vihamie kwenye nitrojeni ya kimiminika. Zikisahauliwa kwenye −80 miezi kadhaa, siku ya kuyeyusha utahesabu maiti. Chumba cha nitrojeni kiwe na hewa inayopita na kengele ya oksijeni, na mtu asiingie peke yake usiku.

Friza iwe na jenereta inayojiwasha, na simu ya mtu anayepokea kengele hata Krismasi. Jaribu mfumo kwa kuzima swichi kuu mchana kweupe. Mfumo usiojaribiwa huharibika usiku.

Muda na fedha

Siku za utafiti ziandikwe kwenye barua ya ajira au makubaliano na mkuu wa idara: mfano, Jumanne na Alhamisi hupangiwi kliniki wala zamu. Makubaliano ya korido hufa siku idara inapopungukiwa daktari mmoja. Anza na ruzuku ndogo ya mwaka mmoja, uimalize kwa wakati, ndipo uombe kubwa: Fogarty ya NIH ya Marekani, Wellcome ya Uingereza, EDCTP3 ya Ulaya na Afrika, COSTECH. Usitegemee mfadhili mmoja. Mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake mingi, miradi yenye mguu mmoja ilianguka.

Bajeti za vijana husahau vitu vilevile: mafuta ya jenereta, nitrojeni, bando la wakusanya data, nauli na chai ya washiriki, bima yao, ada za kamati, na gharama za kutoa vitendanishi forodhani. Vitendanishi viagizwe vikiwa na miezi 12 ya uhai kwenye lebo. Vikikwama forodhani miezi 4, bado utakuwa na 8.

Nani atakuwa mwandishi wa kwanza, kubalianeni kwa barua pepe kabla ya mshiriki wa kwanza. Mkifika kwenye makala ndipo muanze kuulizana, mmechelewa.

Matokeo yakitoka, yarudi mwaloni kabla hayajaenda kwenye mkutano wa nje. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, nakala kwa mtendaji, kwa DMO (mganga mkuu wa wilaya) na kwa viongozi wa mwalo, halafu mkutano wa saa moja wiki ya mbalamwezi. Mtu wa kwanza kusimama atauliza mlipeleka wapi ile damu. Nenda na namba ya friza na tarehe ambayo vichupa vya mwisho vitateketezwa.